Halstrom ya Kifuniko cha Shaba

Merle Pospisil hakuwa mtu wa kukaa. Hata kanisani alisimama nyuma, karibu na mlango, na mchungaji alishamzoea. Ukienda kwake kunywa kahawa, wewe ungeinywa yako ukiwa umeketi, yeye angeinywa yake akiizunguka meza, akigusa hiki, akisogeza kile, akichungulia dirishani kama anayemngoja mgeni. Lavonne, mkewe, alikuwa akisema ameolewa na upepo wa Iowa, ila huu wake unavaa suruali.

Lavonne alipofariki, hali hiyo ilizidi. Nyumba yangu na yao zimetenganishwa na ua mfupi wa vichaka tu, na dirisha langu la jikoni linatazama mlango wa chumba chao cha chini. Majira yote ya baridi nilimwona Merle akishuka ngazi, akipanda, akishuka tena. Huko chini ndiko zilikokuwa mashine zake za kufulia, zote za kufungulia juu, zote za zamani, zimejipanga kando ya kuta kama mashangazi kwenye harusi: nyeupe, pinki iliyopauka, kijani cha parachichi, moja ya manjano kama siagi.

Nyingi zilitengenezwa hapa hapa Larkin Falls, kwenye kiwanda cha Halstrom. Kiwanda kilifungwa zamani na jengo lake sasa ni ghala la mbolea, lakini baba yake Merle alifanya kazi humo, na babu wa nusu ya watu wa hapa vilevile. Watu wetu huzitambua Halstrom kama wafugaji wanavyotambua ng'ombe wao, kwa rangi na pembe na mwendo. Kona ya kifuniko ikiwa kali, mashine ni ya kabla ya kiwanda kubadilisha mitambo ya kukunjia bati. Ikiwa ya mviringo, ni ya baadaye. Pipa la ndani likiwa la buluu lenye madoadoa meupe, ni la daraja la juu. Jeupe tupu ni la watu wa kawaida. Kisha unatazama ule mhimili wenye mapezi ulio katikati ya pipa, unaokoroga nguo, ambao mimi siku zote nauita mwiko. Mapezi yakiwa yamenyooka, hiyo ni mashine ya mwanzo. Yakijipinda, ujue kuna mhandisi alipata wazo.

Lakini rangi hupakwa, na mwiko hubadilishwa. Kitu kisichodanganya ni sauti. Merle alikuwa anaweza kusimama barabarani na kukwambia mashine inayofua ndani ya nyumba ya mtu ni ya miaka gani. Alipokuwa dereva wa basi la shule aliwafundisha watoto mchezo huo, wakawa wanabishana njia nzima.

Katika mashine zote hizo, moja ilikaa peke yake, chini ya kidirisha, juu ya zulia. Kifuniko chake kilikuwa cha rangi ya shaba. Ilisemwa kwamba kiwanda kilitoa chache tu za namna hiyo, kujaribu soko, kisha wakubwa wakabadili mawazo. Na kwamba hakuna mtu aliyekuwa ameona nyingine nzima. Lavonne alimpa Merle siku alipotimiza miaka hamsini. Alisema ameipata shambani kwa bibi mmoja karibu na mto, mjane aliyeifunika kwa blanketi na kuisahau. Alikuwa na namna yake ya kusimulia: mbwa wa yule bibi, matope hadi magotini, gari dogo la mizigo likikwama langoni. Merle alipoiona alilia mbele ya wageni wote, naye si mtu wa kulia.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo. Mtu huyu ambaye alikuwa anaweza kufungua mashine ya jirani na kuifunga kabla kahawa haijapoa, hii ya kwake hakuwahi kuigusa hata skrubu moja ya nyuma. Aliipangusa. Aliiwasha mara chache, bila kutia nguo ndani, akaizima kabla haijafika kwenye kukamua.

Mwezi wa tatu, mwaka mmoja baada ya msiba, alikuja Kathryn Oberg wa jumba la makumbusho la kata. Walikuwa wanatengeneza chumba cha Halstrom kwenye jengo la stesheni ya zamani, na walitaka mashine moja ya kuwekwa katikati. Waliposikia kwamba ya shaba ipo, walitaka hiyo. Kwenye ukuta wangeandika jina la aliyeitoa, na Merle alitaka liwe la Lavonne.

Ni lazima nieleze maana yake. Lavonne hana kaburi. Aliomba majivu yake yatupwe kwenye shamba la maharage la kaka yake, na siku ile upepo ulikuwa mkali hata hatukujua ameangukia shamba la nani. Merle hakuwa na mahali pa kwenda na maua. Kwa hiyo ukuta ule haukuwa mapambo. Ungekuwa mahali pekee duniani ambapo mtu angesimama akasoma jina la mkewe.

"Tunahitaji tu uthibitishe kwamba ni ya asili," Kathryn alimwambia, wakiwa ukumbini kwangu kwa sababu Merle alikuwa amesahau kununua maziwa. "Wewe ndiye mtaalamu, Merle. Ukisema ndiyo, sisi tunaandika ndiyo."

"Nitakwambia," Merle alisema, akiwa ameshafika dirishani.

"Hata sasa unaweza kuniambia."

"Nitakwambia siku ya kikao."

Kathryn alinitazama. Mimi nilimwongezea kahawa.

Kikao chenyewe ni cha wapenzi wa mashine hizi, hufanyika masika nyumbani kwa Merle, na hakuna aliyewahi kuelewa akielezwa, lazima aone. Watu wazima huendesha magari kutoka Nebraska na Missouri wakiwa na nguo chafu nyuma ya gari. Wameziweka majuma mazima, makusudi, kama mtu anavyojinyima chakula kwa ajili ya karamu. Wanashuka chini, wanajaza mashine, wanabana swichi ya kifuniko ili mashine iendelee kuzunguka ikiwa wazi, na wanasimama duara wakitazama maji. Hawasemi sana. Juu mezani kuna mikate ya nyama ya nguruwe, saladi ya viazi, na mtu daima huleta ile jeli ya kijani yenye karoti ambayo hakuna anayeila.

Wana mwiko mmoja, na huu si wa kukoroga. Mashine ya mtu haitambuliwi nyumbani kwake mpaka aulize mwenyewe. Unaweza kuona kwamba imebandikwa kifuniko cha mwaka mwingine, kwamba rangi ni ya juzi, kwamba kibati cha namba kimetoka kwenye kaburi la mashine nyingine. Unanyamaza. Unasema inafua vizuri. Lakini mwenye mashine akiweka kiganja juu ya kifuniko na kuuliza, "Huyu ni nani?" basi hakuna tena huruma. Kila mtu lazima aseme alijualo, na hairuhusiwi kulainisha. Nimeshaona mwanamume akiendesha gari kurudi Omaha bila kuaga kwa sababu aliuliza swali hilo.

Jumamosi ya kikao upepo ulivuma tangu asubuhi. Ulikuwa ule upepo wa masika unaotoka uwanda mtupu na kugonga milango kama wakala wa bima. Merle alikuwa amevaa shati la pasi. Alipanga viti, akavipangua, akavipanga upande wa pili.

"Bwana wee, kaa basi," alisema Jolene Bruhn, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta, ambaye anamiliki saluni na mashine kumi na kitu. "Unanitia kizunguzungu. Nikitaka kitu kinachozunguka nitashuka chini."

"Kahawa ipo, Jolene."

"Nimeiona. Nimeionja pia. Lavonne angekufukuza nyumbani kwa kahawa hii."

Merle alitabasamu kidogo. Jolene ndiye pekee aliyekuwa bado anamtaja Lavonne bila kushusha sauti, na nadhani Merle alimpenda kwa hilo.

Wendell Ackerson alifika mwisho. Huyu ni fundi kutoka mji wa pili, mrefu, mpole, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo, na amekuwa rafiki wa Merle tangu wakiwa vijana. Kikapu chake cha nguo kilikuwa kimejaa taulo za karakana. Alimwona Kathryn amesimama karibu na ngazi na kamera yake shingoni, akaniuliza chinichini, "Huyu mama wa makumbusho amefuata nini?"

"Ya shaba," nilimwambia.

Wendell aliweka kikapu chini. Hakukichukua tena.

Kule chini zilishaanza kufua. Ile ya pinki ilikuwa inakoroga shuka za Jolene kwa mapigo mafupi, kama mtu anayekata kitunguu. Ile ya kijani ilikuwa inavuta pumzi ndefu. Merle alipita katikati yao akisogeza watu kwa viwiko, akafika chini ya kidirisha, akaliondoa zulia. Alikuwa na shuka zake mwenyewe mkononi. Alizitia ndani, akamimina sabuni, akazungusha swichi. Watu waliziacha mashine zao wakasogea. Katika miaka yote ile hakuna aliyekuwa ameiona ya shaba ikifua nguo.

Maji yalijaa. Mwiko ukaanza. Ulikuwa mzuri, hakuna ubishi. Pipa la buluu, madoadoa meupe, mapezi yamenyooka, povu likipanda polepole na kugeuka. Kathryn alipiga picha. Kisha maji yakatoka, na wote, bila kuambiana, wakainamisha vichwa upande mmoja.

Halstrom ya daraja la juu, ikimaliza kutoa maji, hunyamaza. Kuna kimya kama cha mtu aliyesahau alichotaka kusema. Halafu pipa huanza kuzunguka taratibu. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo kila mtu humo alivyojua.

Ya shaba haikunyamaza. Iliruka moja kwa moja kwenye kukamua, kwa pupa, na kwa sababu shuka zilikuwa zimejikusanya upande mmoja, ikaanza kutetemeka na kutembea sakafuni. Wendell na Jolene waliidaka, huyu huku na yule kule, kama watu wanaomzuia mlevi asitoke mlangoni.

"Inafua vizuri," alisema mzee mmoja wa Missouri.

"Inafua vizuri," wengine wakaitikia.

Merle aliizima. Aliweka kiganja juu ya kifuniko cha shaba.

"Merle," Wendell alisema. "Si lazima."

"Huyu ni nani?"

Zilisikika mashine nyingine tu. Mzee wa Missouri alikohoa, kwa kuwa sheria humtaka mkubwa aanze, akasema kwamba mota, kwa masikio yake, ni ya daraja la chini, zile zilizouzwa kwa mkopo wakati wa mwisho wa kiwanda. Mwingine akasema kona za mwili ni za mviringo na kona za kifuniko ni kali, haziendani. Mtu wa Nebraska akasema ameona tangu kikao cha kwanza. Walisema mmoja mmoja, bila ubaya, kama watu wanaotoa rambirambi. Merle aliitikia kila mmoja kwa kichwa. Ilionekana wazi kwamba hakuna alichosikia kigeni.

"Jolene?"

"Ni mbili, mpenzi wangu. Kifuniko na paneli na pipa ni vya kweli. Hivyo vingine ni vya mashine ya mtu maskini." Alijifuta mikono kwenye sketi. "Nilitaka kukwambia siku ile ile, ila ulikuwa unalia."

"Basi yule bibi wa mtoni alimuuzia mke wangu uongo," Merle alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Alitembea kwenye matope hadi magotini, na mtu akamuuzia uongo."

Nilielewa kwa nini hakuwahi kufungua nyuma. Hakuogopa mashine kuwa ya bandia. Aliogopa kwamba Lavonne alidanganywa, na kwamba mtu akijua hivyo hawezi tena kumwangalia mkewe bila kumhurumia.

Wendell bado alikuwa ameishika ile mashine ingawa ilishatulia.

"Hakukuwa na bibi," alisema.

Merle akamgeukia.

"Kulikuwa na zizi lililoanguka, na ndani kulikuwa na kifuniko, paneli na pipa. Mwili ulishaliwa na kutu. Lavonne alivileta kwangu kwenye gari, amevifunga kwa blanketi. Akasema, Wendell, nifundishe. Nikamwambia mimi nitakutengenezea. Akakataa. Akasema akitaka zawadi ya dukani angeenda dukani."

"Lini?"

"Majira yote ya baridi. Jumanne jioni."

"Jumanne alikuwa anakwenda kwaya."

"Merle," alisema Wendell kwa upole, "ulishawahi kumsikia Lavonne akiimba?"

Mtu alicheka. Merle alianza kutembea, ukutani hadi ngazini, ngazini hadi ukutani, na watu wakampisha. Alipoongea alikuwa ametupa mgongo.

"Mimi nilidhani ana mtu," alisema. "Majira yote yale ya baridi. Alikuwa anarudi ananukia grisi, kisha anaoga kabla hajanisalimia. Nikadhani ni fundi magari. Nikawa nawaangalia mafundi magari wote wa mji huu." Akasimama. "Na wewe ulikuwa unakuja hapa unakula chakula changu."

"Aliniapisha. Alitaka akwambie mwenyewe siku ile, aseme, nimeitengeneza kwa mikono yangu. Halafu ukalia, ukaanza kusema ni ya pekee duniani, ni ya pekee duniani. Akaniangalia. Palepale akamzua yule bibi na mbwa wake. Baadaye ikawa imechelewa. Kila mwaka alikuwa anasema mwaka huu nitamwambia."

Kathryn Oberg alikuwa ameiteremsha kamera yake. Ni mwanamke mwema. Alisogea karibu na Merle na kusema kwa sauti ambayo nadhani hakutaka wengine waisikie, ingawa chumba kile hakina siri. "Wageni wetu hawatasikiliza sauti ya mota. Itakuwa imezimwa. Kwa macho ni ya shaba, na sehemu za juu ni za kweli. Naweza kuandika kwa uangalifu."

"Utaandika imetengenezwa na nani?"

"Na kiwanda cha Halstrom."

"Hapana. Ameitengeneza Lavonne Pospisil, kwenye karakana, Jumanne."

Kathryn alifikiri. Alieleza kwamba chumba ni cha kiwanda, kwamba kamati ilishakubaliana vitu vya asili tu, kwamba yeye si kamati peke yake. Merle alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Basi chukua ya Jolene," alisema. "Ile nyeupe ya kona kali. Ni ya kweli hadi kwenye mpira."

"Nani amekwambia naitoa?" Jolene alisema.

"Utaitoa."

"Nitaitoa. Lakini jina langu waliandike kubwa, mimi sijafa."

Na hivyo ukuta ukapotea. Niliuona unapotea, hapo, kati ya kikapu cha taulo na mashine ya pinki iliyokuwa inakamua. Niliwaza kwamba sisi tulio hai tuna njaa ya ajabu ya maandishi, kana kwamba mtu akisomwa na wapita njia anarudi nusu. Merle alikuwa na njaa hiyo kuliko wote, akaisukuma sahani.

Watu walipopanda juu kula, alibaki na Wendell, nami nikabaki kwa sababu hakuna aliyeniambia niondoke. Waliisogeza ya shaba, wakafungua bati la nyuma. Ndani hamkuwa na uzuri wowote. Mkanda ulikuwa mfupi kuliko unavyotakiwa, ndiyo sababu mashine iliruka. Na nyaya, badala ya kushikwa kwa vibanio, zilikuwa zimefungwa kwa vipande vya soksi ndefu za kike, fundo baada ya fundo, vile Lavonne alivyofunga minyanya yake kwenye vijiti kila kiangazi.

"Nilimwambia vibanio vipo kwenye droo," Wendell alisema. "Akaniambia vibanio vinakata."

Merle alipiga magoti. Hakugusa. Alikaa vile muda mrefu kiasi kwamba nilihesabu kuwa ni mara ya kwanza kumwona ametulia, kisha nikaona mguu wake wa nyuma unacheza.

Tangu siku hiyo bati la nyuma halikurudishwa. Alianza kufulia nguo zake humo kila juma, tumbo la mashine likiwa wazi, na alimpigia Wendell simu kumuuliza mambo ya Lavonne kule karakana. Alikuwa anakalia nini? Alikuwa anakula saa ngapi? Bisibisi aliishika kwa mkono gani? Wendell alijibu alichokumbuka, na pale asipokumbuka alisema hakumbuki, ingawa nadhani ingekuwa rahisi kubuni.

Mwezi wa sita mkanda ulianza kujitafuna. Ulimwaga unga mweusi sakafuni, na harufu ya mpira ulioungua ilifika hadi jikoni kwangu. Wendell alileta mpya, wa urefu unaofaa, lakini ili uingie ilibidi mafundo yakatwe, yote, kwa kuwa nyaya zilipita mbele ya puli, lile gurudumu la mkanda.

"Au iache isimame," Wendell alisema. "Iweke hivyo hivyo. Hakuna atakayekulaumu."

"Mashine isiyofua, mipira yake hukauka," Merle alisema. "Unajua hilo."

"Najua."

"Basi usiniambie upuuzi."

Alitembea siku nyingi juu ya jambo hilo. Nilimwona akishuka na kupanda, mkasi ukiwa mfuko wa nyuma wa suruali. Alhamisi moja nilimkuta amelala ubavu sakafuni, mkono mmoja umezama ndani hadi begani, anatukana kwa Kicheki cha babu yake. Mafundo yalikuwa yamekatwa, vipande vya soksi vimetapakaa kama maganda, isipokuwa fundo moja la chini kabisa, na lilikuwa njiani, na alikuwa anajaribu kwa vidole kuupitisha mkanda mpya kando yake bila kulikata. Ngozi ya kiganja ilishachubuka.

"Likate na hilo, Merle," nilisema.

"Naona njia," alisema. "Shika taa. Sogea kidogo. Usizibe mwanga."